Kikosi Changu Katika Daftari la Harusi

Chekeni tu, nimeshazoea, maana hata mimi nikiwa peke yangu nikaikumbuka siku ile najifunika uso kwa viganja. Mtu mzima, fundi cherehani mwenye heshima zake hapa Tezo, kumkimbiza binamu yangu barabarani nikiwa na birika la chai mkononi, na yote kwa sababu ya mchezo wa simu!

Mchezo wenyewe ni ule unaojicheza: wewe wapanga kikosi cha watu watano, waweka simu kando, walala, wao wapigana, asubuhi waamka kuokota ushindi (ndiyo maana niliupenda, mimi mvivu). Shughuli yako ni kumchagulia kila mmoja kazi yake, na ukishachagua hubadilishi tena. Sasa siku hiyo simu ilikuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, na mimi nisiyejua kutulia nikakipanga kikosi kwa kalamu, tena kwenye daftari la harusi ya dada yetu, kwa kuwa ndilo lililokuwa karibu na mimi ndiye niliyekuwa katibu wa kikao. Nikawapa wapiganaji majina ya watu wa nyumbani, na juu nikaandika kwa herufi kubwa: KAZI YA KILA MTU.

Jumapili yake ukoo ukakusanyika sebuleni kwa baba. Shangazi Kadzo, mwenyekiti wetu, akasema, "Kahindi, hebu tusomee kazi tulizogawana." Mimi nilikuwa namimina chai, nikajibu (na hili ndilo lililoniponza), "Karisa, nisomee wewe, ni hapo katikati."

Karisa ni binamu yangu, ndiye msoma matangazo kanisani, ana sauti ya kujaza nyumba. Miezi michache nyuma alikuwa amezika mtoto wake, aliyeumwa siku mbili tu, na tangu hapo hakuwa mtu wa mzaha.

"Baba: ngao. Asimame mbele, apigwe yeye." Watu wakacheka. "Mama: mganga. Awatibu wenzake. Shangazi Kadzo: mpiga mishale." Hapo walicheka hata wanaomwogopa shangazi. Mimi nimeganda, chai inafurika kikombeni, kwa sababu najua kinachofuata.

"Baba mkubwa Kazungu: mchawi. Akae nyuma asionekane. Anaua wengi kwa mpigo. Hata tukilala, yeye anaendelea kuua."

Huku kwetu neno hilo halitamkwi kwa utani mbele ya mzee. Tumeshaona mzee jirani, aliyeitwa mchawi, akilihama shamba lake na mfuko mmoja begani, na huyo alikuwa na bahati, wengine huuawa. Baba mkubwa alikuwa ameketi karibu na mlango, akaikunja miguu yake chini ya kiti. Karisa akamtazama, akalifunga daftari polepole, akatoka, na vijana wawili wakamfuata.

Haki ya Mungu, niliogopa. Nikatoka mbio na birika langu, chai yanichoma mguu, napiga kelele, "Karisa! Ni mchezo! Ni wa simu!" naye hageuki. Nilimkamata njia panda. "Nipige mimi ukitaka, ndugu yangu, lakini kwanza twende kibandani, simu iko huko inachajiwa tena." Tukaenda, simu ikajivuta kuwaka, kisha mchezo nao ukadai kusasishwa, na wale vijana wamesimama nyuma yangu, jasho linanitoka mpaka kwenye nyayo. Ulipofunguka nikawaonyesha mmoja mmoja: huyu baba na ngao yake, huyu shangazi na upinde. Karisa akanirudishia simu.

"Kahindi, wewe ni mjinga," akasema, na sijawahi kushukuru tusi kama lile.

Tukarudi, na Karisa mwenyewe ndiye aliyewaeleza watu. Wakacheka, shangazi akanichapa na leso yake na kunivua ukatibu hapo hapo, nami nikadhani yamekwisha. Baba mkubwa akaomba simu. "Hebu nami nimwone huyo mchawi."

Akaisogeza mbali na macho, akamtazama yule mzee wa mchezoni, nywele nyeupe, ndevu nyeupe. Kisha akaniuliza bila hasira, "Mwanangu, kazi hii uliniona nayo wapi?"

Nilitaka kusema mmefanana tu, nikajizuia, maana ndivyo wanavyofanya hao wote wanaowaita wazee wachawi: wanaona mvi, hawaulizi zaidi. Niliona aibu kuliko wakati wa birika.

Siku ya harusi alikuja na nywele nyeusi tititi, rangi inamchuruzika shingoni kwa jasho.

"Shikamoo, Baba mkubwa."

"Marahaba. Kule kwenye simu yako nimeshaacha kazi."

Watu wakaangua kicheko, nikacheka nao, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia. Mchezo nimeufuta, na naapa sitampachika tena mtu kazi kwa kumtazama sura.