Mgonjwa wa Serikali

Watu wakibishana mbele yangu kama serikali ina haki ya kuingiza mkono katika matibabu ya raia, au kila mtu ategemee jamaa zake, huwa nawaacha wamalize kwanza. Si kwamba sina la kusema. Mimi niliwahi kulazwa chini, juani, katikati ya majibu hayo mawili, nikiwa na mtoto tumboni.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, Masaki ya Kisarawe, nami nilikuwa mke kijana katika nyumba ya mama mkwe wangu. Mume wangu alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kibaha, na haji nyumbani mpaka mkataba uishe. Dispensari tuliyoijua ilikuwa moja tu, ile ya bomani, na ilikuwa mbali. Mgonjwa asiyeweza kutembea alibebwa juu ya kitanda cha kamba kilichofungwa mipiko, ile miti mirefu ambayo wanaume huiweka mabegani.

Ubebaji wenyewe ulikuwa na taratibu zake. Kijiji kilimbeba mgonjwa wake hadi mpakani, kwenye kijito. Kabla ya kufika, mtu alitangulia akapiga mbiu, na wanaume wa kijiji cha pili wakaacha majembe yao, wakaja kumpokea na kumfikisha bomani. Hakuna aliyevuka na mgonjwa asiyepokelewa. Mgonjwa akifia katika ardhi ya watu ambao hawakumpokea, kesi yake haiishi leo wala kesho: nani amwoshe, nani achimbe, kwa nini mmetuletea msiba kimyakimya? Hakuna aliyelipwa kwa kubeba. Aliyebeba alijua naye iko siku atabebwa, na yule mvivu aliyejifanya hakusikia mbiu, siku yake ikifika alikuwa na kazi ya kutafuta mabega. Siku hizi kitu kama hicho wanakiita bima na kukivalisha suti.

Mwaka niliokuwa na mimba, jumbe aliita baraza katika kijiji kile cha pili. Alisema kwamba katika kodi sasa kuna fungu la matibabu, na tangu siku ile mgonjwa ni wa serikali. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe wangu, ambaye ndiye alikuwa mkunga wetu na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko wangu, alirudi kutoka barazani akiwa na furaha ya kweli.

"Leo Mzungu kanena, mwanangu," aliniambia huku akivua ushungi. "Zamani walikuwa wanachukua tu."

Nami nilifurahi. Sisi wa Masaki tulielewa kwamba serikali imechukua upande wa dawa, na sisi tumebaki na kubeba. Wenzetu wa ng'ambo ya kijito walielewa kwamba serikali imemchukua mgonjwa mzima, na kwamba wabebaji wake watakuja. Hakuna aliyeuliza. Baraza la jumbe lilikuwa mahali pa kusikiliza. Maswali watu waliulizana njiani wakirudi, na njiani jumbe hakuwepo.

Uchungu ulinishika alfajiri. Jua lilipopanda mama mkwe alinipima, akapima tena. Kisha akanawa mikono taratibu kuliko kawaida yake.

"Kimetangulia kiganja," alisema. "Hapa mimi nimefika mwisho, mwanangu. Twende bomani."

Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, akakusanya wanaume, na muda si mrefu nilikuwa juu ya kitanda. Walinibeba vizuri. Walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini ili miguu yao iende pamoja, na maumivu yakinijia waliacha kuimba bila kuambiwa. Mtoto alikuwa anacheza. Niliweka mkono juu ya tumbo nikawa namfuata anapogeuka, na niliamini kabisa kwamba nitampata.

Kijitoni wakanitua. Mbiu ilikuwa imeshapigwa, lakini ng'ambo hapakuwa na mtu. Ikapigwa tena. Ndipo wanaume wakatokea, wakasimama upande wao wa maji, mikono nyuma.

"Jamani, mpokeeni mgonjwa," shemeji yangu akaita.

Mmoja wao, mtu mzima aliyevaa kanzu, akajibu kwa adabu kabisa. "Ndugu yangu, huyo ni mgonjwa wa serikali. Jumbe kasema mbele yetu sote. Tukimgusa akatufia mikononi, bomani tutajibu nini?"

Ningependa kusema walikuwa watu wabaya, ingenirahisishia mambo. Hawakuwa wabaya. Mwenzao mmoja alikuwa ameiondoa nguzo ya simu iliyoangukia muhogo wake, akalazwa mahabusu kwa kugusa mali ya serikali. Walikuwa wamejifunza, na sasa waliambiwa kwamba mimi nami ni mali ya aina hiyo.

"Basi hao wabebaji wa serikali wako wapi?" shemeji akauliza.

"Watakuja."

"Lini?"

"Hatukuambiwa."

Wanaume wetu wakachuchumaa. Kuvuka hawawezi, kurudi hawataki. Mama mkwe akaanza kuwatukana wa pande zote mbili bila upendeleo, akiwauliza kama wanangoja mtoto azaliwe na ndevu. Akashika mpiko mwenyewe, shemeji akamzuia mkono. "Mama, akitufia kule, hawa na sisi hatutazikana tena," alisema. Alikuwa karibu kulia. Mimi nilikuwa pale chini miguuni mwao nikisikia kila neno, na hakuna aliyeniuliza lolote. Niliwaambia, "Bado yu hai. Anacheza." Sijui kama walinisikia. Jua lilihama kutoka miguuni kwangu likanifika usoni, mama mkwe akanifunika kwa kanga yake.

Aliyetukwamua hakuwa Mzaramo kama sisi wa pande zote mbili. Alikuwa Mnyamwezi aliyekuja zamani kukata mkonge, mkataba ukaisha, akabaki kijiji kile cha pili akichoma mkaa. Wanyamwezi na sisi ni watani. Mtani anaweza kukutukana msibani mbele ya wakwe zako, anaweza kumchukua kuku wako ukimtazama, na wewe huna pa kumshtakia. Alikuja na gunia lake begani, akatutazama, akalitua.

"Leo nimeokota!" akapiga kelele. "Wazaramo wametupa mwanamke njiani, mzima na mtoto wake! Huyu ni wangu. Mwenye kumtaka aje anidai."

"Huyo ni wa serikali," yule wa kanzu akamwambia.

"Serikali ikija, iambieni Mnyamwezi kaiba."

Akavuka maji, akashika mpiko kwa mikono iliyojaa mkaa. Hapo kila mtu aliona mlango umefunguka. Alichochukua mtani hakina kesi; wala kijiji hakitaulizwa, wala bomani hapataandikwa jina la mtu. Wanaume wa pande zote mbili walirukia kitanda kwa pamoja hadi wakagongana. Walicheka, na hata mimi nilicheka, katikati ya maumivu yale. Nikiwa nacheka ndipo nilipogundua kwamba chini ya mkono wangu mtoto ametulia.

Bomani dresa, mganga msaidizi wa dispensari, alitupokea bila kutuuliza tumeleta nini. Alikuwa kijana, mikono yake misafi, na alihangaika nami mpaka jasho likamtiririka. Aliniokoa. Serikali ilitimiza lile ililoliahidi, na hilo sitalikana mbele ya mtu yeyote. Mtoto alikuwa wa kiume, naye alikuwa amefia njiani.

"Mama, mlichelewa wapi?" dresa alimwuliza mama mkwe wangu.

"Tulikuwa tunakungoja wewe," akamjibu, akamgeuzia mgongo.

Kwa hiyo anayeniambia kwamba serikali isihusike, ndugu na majirani wanatosha, namwambia kwamba ndugu na majirani zangu wote hawakuweza kumgeuza mtoto yule tumboni, na dresa angeweza. Anayeniambia serikali ichukue yote, namwuliza atakuwa mikononi mwa nani kabla haijafika. Mimi naitaka serikali, tena sana. Lakini ikisema mgonjwa ni wake, ije imwinue yenyewe, na kama haiji, iseme waziwazi mbele ya watu, ili wenye mabega wasikae chini. Nina hasira na jambo hili mpaka leo.

Dresa alitaka nibaki siku kadhaa. Nilikataa, kwa kuwa sikutaka mwanangu azikwe mimi nisipokuwepo. Asubuhi wanaume wetu walinibeba kurudi, naye akiwa kifuani kwangu ndani ya kitambaa cheupe. Tulipofika kijiji cha pili, wanaume wake walikuwa wamesimama kando ya njia, yule wa kanzu akiwa mbele. Walinyoosha mikono kuomba mipiko.

"Wasimguse," shemeji yangu akasema, akaongeza mwendo.

"Shemeji, waachie wabebe," nikamwambia.

Alisimama akanitazama kama mtu asiyenijua. Sikuwa nimewasamehe, na wengine wao sikuwasamehe mpaka walipokufa. Lakini nilijua wasipobeba siku ile, hawatabeba tena, na mke wa mtu mwingine atalazwa pale nilipolazwa mimi. Tena nilitaka mabega yao yaujue uzito wa mwanangu, jinsi ulivyokuwa mdogo.

Wakatubeba hadi kijitoni. Pale walitakiwa kutua, wanaume wetu watupokee. Hawakutua. Yule mtu mzima aliingia majini na kanzu yake, wenzake wakamfuata, wakatupeleka hadi kwetu, wakaomba majembe.