Kifundo Alichokisoma Massoudi

Mume wangu Massoudi aliuza nyama mtaani kwetu Buyenzi miaka ishirini na sita, na tangu vita ianze hakuwahi kuuza mguu wa nyuma uliotolewa kifundo. Vita ilileta sokoni nyama zisizo na mwenyewe, watu wakanong'ona kwamba nyingine ni za mbwa. Basi yeye akawa anapasua kifundo mbele ya mteja na kutoa kile kifupa kidogo cha ndani. Cha mbuzi au ng'ombe kina bonde juu na bonde chini. Cha mbwa kina bonde juu tu, chini ni mviringo. Hakujua kusoma hata jina lake, lakini mfupa huo aliusoma kwa kidole, na mtaa mzima ulikula kwa kumwamini.

Mwishoni mwa 2001, asubuhi moja, Gaspard, mwalimu wa biolojia, aliteremka kutoka Gihosha, mtaa wa mlimani, na gazeti la Kifaransa. Alifunika maandishi kwa kiganja, wengine wasije wakamdokezea, akaacha picha ya kifupa.

"Mzee Massoudi, hii iko ya nyama gani?"

Mume wangu akaweka kisu chini, akatazama sana.

"Bonde juu, bonde chini. Apana, hii si imbwa. Mi huyu sijamuona, lakini iko wa ukoo wa mbuzi. Wallahi."

"Ni nyangumi. Baleine. Yule mukubwa wa baharini."

Lo, kicheko! Atumani, mchinjaji wa meza ya pili, alipiga makofi. "Ameita samaki mbuzi! Na sisi tunakula kwa neno lake!" Wateja wawili walirudisha nyama mezani palepale. Massoudi aliinamia tena ile picha. Mimi nilitaka kumrarua yule mwalimu pamoja na gazeti lake.

"We mwalimu, umetoka kwako kuja kutuvunjia nyumba?"

"Mama Houda, niache nimalize! Niache nimalize!"

Akasoma huku akitafsiri. Kifupa kilichimbwa Pakistani, nacho ni cha nyangumi wa kale kabisa, aliyetembea kwa miguu minne. Wataalamu walikuwa wakibishana: wengine walisema babu yake alikuwa mla nyama aliyefanana na mbwa mwitu, wengine wakasema ni wa ukoo wa mbuzi, ng'ombe na kiboko. Kifupa hicho ndicho kilichoamua. Bonde juu, bonde chini!

Nilipiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Kiboko huyuhuyu wa ziwani kwetu, ndugu yake nyangumi! Nikisimulia hadi leo moyo unanienda mbio. Wale wateja wawili walichukua nyama yao bila kunitazama, na Atumani akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Walibishana miaka ngapi?" Massoudi akauliza.

"Zaidi ya makumi tatu, mzee."

"Si wangekuja kuniuliza?" Akafikiri kidogo. "Lakini na hii vita, nani angefika Buyenzi?"

Hakuna aliyecheka. Akashika kisu, akapasua kifundo kilichofuata, akamwonyesha mteja.