Mbwa Aliyewapa Vifaranga Joto

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko wangu mbaya na kwa maneno nitakayoyakosea. Nilisoma hadi darasa la nne tu, tena naandika polepole. Mistari hii miwili nimeianza chai ikiwa ya moto, na sasa imepoa.

Mwaka jana, mwezi wa sita, kicheche alimla kuku mmoja wa bibi yangu, akaacha vifaranga tisa. Kwetu Njombe mwezi huo baridi huua vifaranga wengi kuliko mwewe. Bibi aliwaweka jikoni ndani ya tenga, karibu na mafiga, akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa ni wako sasa. Uwe mama yao."

Wiki ileile mpishi wa shamba la miti ya miwati la Mzungu alinipa mbwa. Alikuwa mweupe wa madoa meusi, jicho moja la kahawia, la pili la buluu. "Bwana hamtaki," alisema mpishi. "Mchukue." Niliona haya kuuliza sababu.

Mbwa yule alilala kando ya mafiga, na vifaranga wakatoka tengani wakamwingia chini ya tumbo. Hakuwagusa kwa meno hata mara moja. Asubuhi ungeona vichwa vidogo vikichungulia kati ya miguu yake. Nikaacha kuamka kuchochea moto.

Ila alikuwa haji akiitwa. Majirani walisema mbwa wa Mzungu hajui Kibena, na kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nizungumze naye Kiingereza. Mimi ambaye hata kanisani naimba chinichini nilifurahi sana kuambiwa hivyo.

Siku moja jua lilitoka, nikawaanika vifaranga uani, mbwa amelala kando yao ametupa kisogo. Mwewe akashuka. Bibi alipiga kelele. Nami nikapaza sauti, "Kamu hia! Kamu hia!" Mbwa hakutikisa hata sikio. Mwewe akaondoka na kifaranga.

Wanawake waliokuwa wakitoka shambani na majembe walisimama njiani.

"Ee, mwalimu!" mmoja aliita. "Hicho ni Kiingereza cha wapi? Hata mbwa hakijui!"

"Mwache," akasema mwenzake. "Mbwa amempita darasa."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilichukua ufito wa muwati nikampiga mbwa yule. Bibi alisema, "Kifaranga ni mmoja tu, mwache," lakini sikumpiga kwa sababu ya kifaranga. Nilimpiga kwa sababu ya kicheko kile. Kesho yake nikamkabidhi mbwa kwa utingo wa lori lililokuwa likienda Makambako.

Asubuhi ya tatu nilikuta vifaranga sita wamekauka kwa baridi ndani ya tenga. Moto ulikuwa umezimika. Nilikuwa nimezoea kutouchochea.

Bibi hakunigombeza. Alinituma kwa mpishi na mayai ya kubadilishana na chumvi. Mpishi akanisalimu, "Kamwene," kisha akauliza, "Yule mbwa kiziwi hajambo?"

Nikasema, "Kiziwi?"

"Hukujua? Mama yake naye hasikii. Katika uzao ule wamezaliwa watatu hivyo. Bwana anasema ni jambo la ukoo kwa mbwa wa madoa, hasa mwenye jicho la buluu. Mimi humwita kwa kupiga mguu chini. Anahisi mtikisiko, anageuka mara moja."

Sikumwambia nilichofanya. Nilisema hajambo.

Juma lililofuata nilipanda lori la mbao hadi Makambako nikamtafuta utingo. Aliniambia mbwa aliruka pale njia panda, hakumwona tena. Nilizunguka sokoni nikipiga mguu chini kila penye mbwa. Watoto walinifuata wakidhani nacheza ngoma. Niliendelea kupiga. Nilitazama pia barabarani, maana asiyesikia hawezi kukwepa lori. Sikumwona, si mzima wala mfu.

Vifaranga wawili waliobaki sasa ni majogoo.

Nyinyi mnaosoma haya, hasa mlio Makambako au mpitao pale, mkiona mbwa mweupe wa madoa meusi, mwenye jicho moja la buluu, msimpigie mbinja. Pigeni mguu chini. Akigeuka, tafadhali niandikieni, hata kama mna habari mbaya. Andikeni kwa herufi kubwa. Nitasoma polepole, lakini nitasoma yote.