Barabara ya Bondeni

Nilijiona mtu asiyeweza kushangazwa na jambo lolote. Niliishia darasa la pili, lakini pale Mbalizi nilikuwa na duka na lori, vyote kwa jasho langu. Kwa hiyo Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alipotaka kujua barabara ya mlimani ipite wapi, aliniita mimi. Wanawake walioshusha viazi kwa vichwa vyao kila wiki hakuwaita. Baraza lilifanyika siku ya soko, wao wakiwa sokoni. Serikali ina akili, jamani!

Nikashauri ipite bondeni, lilipo duka langu. Bwana Shauri akaandika kwamba wenyeji wamekubali.

Mama mmoja muuza viazi akanifuata dukani. "Baba, bonde lile masika ni mto. Sisi tunapita juu, mgongoni mwa kilima."

"Mama, una gari wewe?" Watu wakacheka, nami nikawazidi wote.

Barabara ikachimbwa bondeni. Masika yakaingia, lori langu likazama humo hadi milangoni, limejaa mahindi. Maji yalikuwa yanapanda. Wanawake kumi na mmoja wakatokea juu ya kilima, miguu mikavu. Nikawaita waje wavute.

"Subiri, baba," yule mama akajibu, "kwanza tufanye baraza."

Wakakaa, wakajadiliana kwa Kisafwa, mimi sikuulizwa neno. Wakapanga bei: shilingi tatu na nusu kila mmoja, mkononi, kabla ya kugusa kamba. Nikahesabu nikiwa ndani ya maji: shilingi thelathini na nane na senti hamsini.