Jina la Cucu Nyaguthii

Harufu ya kitambaa kipya cha pamba, kile ambacho bado hakijaguswa na maji, hunirudisha Nyeri hata nikiwa nimesimama dukani na pesa mkononi. Wenzangu hukinusa wakatabasamu. Mimi huondoka bila kununua.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru, shule zimefungwa, nami nilikuwa na uvimbe kwenye taya uliokuwa ukikua kuliko mimi mwenyewe. Baba aliniambia tunatoka Mukurweini kwenda mjini kupimwa gauni la Krismasi. Hakudanganya kabisa, maana kweli tulipita kwa fundi Salim kule Majengo, akanizungushia utepe wake huku pini zikiwa midomoni, nikachagua kitambaa cha manjano chenye maua. Nilinusa vidole vyangu njia nzima. Kisha baba akanishika mkono tukapanda hadi hospitali, na nilipogeuka kumwonyesha ndege dirishani, alikuwa ameshaondoka. Alidhani akiniaga nitalia. Nililia zaidi kwa kutoagwa, na hilo sijamsamehe sawasawa.

Mama hakuweza kuja kwa sababu ujauzito wake ulikuwa wa siku za mwisho. Kwetu binti wa pili hupewa jina la mama wa mama yake, ndiyo maana niliitwa Nyaguthii kama Cucu, bibi yangu. Mama hakuniita kwa jina hilo hata siku moja. Aliniita "maitu", yaani mama yangu, hata aliponituma kuni. Nilijivunia cheo hicho kuliko nguo yoyote, na pale wodini nilijiita hivyo kimoyomoyo ili nisikie sauti yake.

Dawa yenyewe ilikuwa ngeni hata kwa wauguzi. Iliingia kwa mshipa, tone kwa tone, na ikishaingia mdomo ulijaa ladha ya msumari. Nilitapika uji, nikatapika maji, nikatapika kwa harufu tu ya maandazi yaliyopita mlangoni. Nywele ambazo mama alinisuka nipendeze Krismasi zilibaki kwenye mto, mstari mzima pamoja na uzi wake. Muuguzi alizikusanya bila kunitazama.

"Wacha ziende," alisema. "Hii dawa ni kali, lakini ata hiyo uvimbe inaiogopa."

Kweli uvimbe ulianza kulegea, ila kwanza nilishikwa na homa iliyonifanya nisitambue watu. Baba alinikuta katika hali hiyo Jumapili moja, na daktari akamwita kando. Baada ya hapo hakuja tena.

Siku ya Krismasi homa ilikuwa imeshuka. Wauguzi walipita wakiimba, wakatundika baluni juu ya vitanda, na kila mlango ulipofunguliwa niliinua kichwa changu chenye upara. Mwishowe aliingia fundi Salim, Mwislamu ambaye sikukuu ile haikumhusu hata kidogo, na gauni langu limefungwa kwa gazeti.

"Baba yako alininong'oneza kuwa anakuleta hapa, na hajakuja kulichukua," alisema. "Nikaona Krismasi isikupite, mwanangu."

Lilinipwaya kama gunia. Nililala nalo.

Mwaka mpya ulipoanza, hospitali ilituma habari kwamba naweza kurudi nyumbani. Baba alikuja, akanitazama kama mtu aliyekwisha kuuza ng'ombe halafu akamkuta zizini. Akabeba mzigo wangu hadi Mukurweini. Tulipoingia uani, moshi wa jikoni ukinichoma macho, nilimsikia mama ndani akiita, "Maitu, umeamka?" Nikaitika kwa nguvu zangu zote. Mama alitoka mbio akiwa amekumbatia mtoto mchanga, akaniona, akaketi chini palepale. Hakuwa akiniita mimi.

Sikuhitaji kuelezwa. Hata mtoto mdogo wa kwetu alijua kwamba jina la bibi halitolewi kwa mjukuu mwingine wa nyumba ileile mpaka aliyelibeba awe amezikwa. Walikuwa wamenizika nikiwa bado natapika.

"Daktari alisema hautarudi," mama alinieleza baadaye, akilia. "Na Cucu amezeeka. Tungemwacha aende bila mtu wa jina yake?"

Cucu mwenyewe alipokuja alinipapasa upara, akacheka hadi akakohoa. Alisema sasa amezaliwa mara mbili, na mmoja wao hana nywele, kama yeye tu. Nyumba nzima ilicheka. Mimi nilitoka nje nikasimama kwenye migomba na gauni langu la manjano, na hakuna aliyenifuata.

Nilikuwa mtu mzima, tumeshamzika Cucu, ndipo nilipoelewa. Nilidhani jina ni langu, kumbe lilikuwa la Cucu, na mimi nilikuwa nyumba yake. Walipoona nyumba inaungua walimtafutia nyingine upesi, kwa mapenzi, na kwa mapenzi hayohayo wakaniacha ndani.

Mdogo wangu ni mtu mwema na hana kosa lolote. Hadi leo sote wawili ni Nyaguthii, na watu hututania sana. Lakini tukimtembelea mama, naye akaita "maitu" kutoka jikoni, mimi hunyamaza kwanza, nikangoja mwenzangu aitike.