Vumbi la Boriti ya Tatu

Mashine zangu za kusaga ziko mbili, moja Mabwerebwere na nyingine Mikumi, na zote nimezianzisha kwa mikono hii. Shule niliishia darasa la nne. Lakini Kilosa nzima hakuna anayenishinda kulijua vumbi la unga. Nikinusa tu, najua kama mahindi yalikauka au mtu kaniletea mabichi.

Binti yangu mkubwa nilimsomesha mpaka chuo kikuu. Likizo moja alinionyesha utando wa buibui kwenye boriti ya tatu ya banda la mashine ya Mabwerebwere, umenenepa kwa unga kama kamba. Kumbe tangu yuko sekondari alikuwa akiuwekea alama za chaki, aone unavyokua.

"Baba, kwenye mawingu yanayozaa nyota mambo huanza hivi. Vumbi la kule ni dogo kuliko masizi. Kuna baridi kali, kila punje inavaa barafu. Zikigusana polepole, zinashikamana. Zikigongana kwa kasi, zinapasuka. Nyota ikishazaliwa, vumbi linalobaki ndilo linakuwa mawe, mwisho hata dunia kama hii."

Nikamcheka mbele ya wateja. "Nimekusomesha kwa vumbi, nawe unakwenda kusomea vumbi? Si ungebaki hapa, mama, unishikie gunia?"

Wateja walicheka sana. Yeye hakucheka.

Kesho yake bwana afya alikuwa apite kukagua. Nilipanda ngazi mwenyewe na ufagio, nikafagia boriti zote. Nilipofika ya tatu nilikumbuka. Nikajiambia vumbi ni vumbi tu, nikaushusha ule utando. Binti yangu aliingia akanikuta nateremka, mweupe mpaka kope.

"Na ile ya tatu umeifagia, baba?"

"Vumbi litarudi. Wiki mbili tu."

"Ule utando ulikuwa wa miaka saba."

Jioni alipanda basi la Mikumi aunganishe safari ya chuoni. Likizo zimepita, chuo amemaliza, nyumbani hajarudi. Simu anapokea.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Mimi niliyezoea kupaza sauti kuishinda mashine namtajia bei ya mahindi, naye ananiaga.

Boriti ya tatu haifagiwi tena, hata bwana afya aseme nini. Asubuhi kabla ya kuwasha mashine napanda ngazi taratibu, kwa sababu nikikanyaga kwa nguvu boriti inatikisika na vumbi linamwagika. Buibui amerudi. Utando bado mwembamba kama uzi, nami nimeuwekea alama ya chaki. Sijamwambia. Nangoja unenepe kidogo, nipate cha kumwitia nyumbani.