Thamani Niliyoiandika kwa Gari la Kasto

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya bima, pale Nachingwea, sikukalia kiti mpaka saa sita mchana. Meneja wa Tawi, mzee mfupi aliyevaa shati la mikono mirefu hata jua likiwa kali, alinipokea mlangoni, akavitazama viatu vyangu vya kisigino, akasema, "Binti, kazi hii haifanywi mezani. Twende nje." Nje ziliegeshwa pikapu mbili za aina moja, zote za mfanyabiashara wa ufuta. Moja ilikuwa imechakaa, mlango umefungwa kwa waya. Nyingine ilikuwa imetoka bandarini mwezi uleule.

"Ipi italipiwa bima kubwa kwa ada ya juu zaidi?" aliniuliza.

Nikajibu kwa kujiamini kwamba ni ile mbovu, maana ndiyo itakayoharibika kila wiki. Alicheka mpaka akatoa leso.

"Kuharibika ni habari ya fundi," akasema. "Sisi tunalipa ajali, wizi na moto. Sasa niambie, ikiungua hii mbovu tutamfidia nini mwenyewe? Na ikiungua hii mpya?"

Alinizungusha kwenye zile pikapu mara mbili, akiniuliza ni mali ya nani, ina thamani gani, inafanya kazi gani na inalala wapi. Aliniambia fomu ya bima ni maswali hayo manne tu, mengine yote ni mapambo. Nilidhani ananitania. Baadaye nikaona wateja wanavyokuja juu kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza hayo manne.

Mpaka leo vijana wa mtaani kwangu, Ruangwa, wananisimamisha. "Bibi, nimeuza kigari changu cha zamani, nimechukua cha mwaka wa karibuni, mbona bima imepanda?" Huwa nawauliza kwanza, bima gani? Bima ndogo hulipa madhara unayomfanyia mwenzako barabarani. Hiyo huangalia aina ya gari na kazi yake, kwa hiyo ukitoka gari kuukuu kwenda jipya la aina ileile, hutaona tofauti ya maana. Bima kubwa hulipa na gari lako mwenyewe, na ada yake ni sehemu ya thamani ya gari. Thamani ikipanda, ada inapanda nayo. Ongeza na spea. Taa ya pikapu ya zamani utaipata kwa fundi yeyote Nachingwea, ila ya gari jipya utaisubiri itoke Dar, na ikifika utashika kichwa.

Wapo pia ambao kwao ada hushuka, na hao hawaji kunisimamisha. Kampuni nyingine hazilitaki gari lililozeeka sana, au hulitoza zaidi. Kisha kuna punguzo la kutodai, yaani zawadi ya mtu aliyekaa miaka bila kuleta madai. Punguzo hilo ni la mtu, si la gari. Ukibadili gari unahama nalo, lakini lazima ulidai, na ukihama kampuni uende na barua ya kampuni ya zamani ya kulithibitisha. Nimeona wazee wa watu wakipoteza punguzo la miaka mingi kwa sababu wakala aliona uvivu wa kuandika barua ya mistari minne. Mmoja wa mawakala hao nilikuwa mimi.

Nachingwea nilikaa miaka mingi. Meneja yule alikuwa mkali. Hukuruhusiwa kuandika thamani ya gari usilolizunguka kwa miguu yako, hata kama liko Mkotokuyana na mvua inanyesha. Nilipanda pikipiki, nikala vumbi, nikanuna. Alipostaafu nilifurahi. Sasa namkumbuka kuliko wakubwa wangu wote.

Kutoka hapo nilihamishiwa Ruangwa, ofisi ndogo ya vyumba viwili, chini ya Afisa Mfawidhi. Huyu alikuwa mtu wa huruma, mtoto wa wakulima, anayejua majina ya wake na watoto wa wateja wake. Huku kwetu watu hulipa bima wakishauza korosho. Bei ya mnadani ikiwa nzuri, fomu zetu zilisema ukweli. Bei ikianguka, magari ya wilaya nzima nayo yalianguka thamani kwenye karatasi zetu.

"Mama Upendo," aliniambia msimu mmoja mbaya, "mkulima mwaka huu kaumia. Mpunguzie gari lake kidogo ili ada imtoshe. Mwakani tutalirudisha."

Mwakani hakuna aliyelirudisha. Unamrudishiaje mtu thamani ya juu wakati gari lake limezidi kuzeeka? Basi ikawa desturi ya ofisi, na Afisa Mfawidhi alipoondoka kwa dua na vigelegele, nilirithi kiti chake pamoja na desturi hiyo.

Ubaya wake ni huu. Ukiliandikia gari nusu ya thamani yake, kampuni inahesabu kwamba nusu nyingine umeamua kuibeba mwenyewe. Ukivunja taa inakulipa nusu ya taa. Ukibomoa gari zima inakulipa nusu. Mteja hajui hilo mpaka siku ya ajali, ila mimi nilijua, tangu zile pikapu mbili za Nachingwea.

Kasto alikuwa mkulima wa Mbekenyera, mwimbaji wa sauti ya nne katika kwaya ya parokia, mtu mrefu anayeongea taratibu. Kwa miaka kumi na moja alikuwa na pikapu kuukuu aliyoikatia bima kwangu. Alibeba korosho na ufuta wa majirani kupeleka ghalani, na mgonjwa akizidiwa, walimwita yeye ampeleke hospitali ya misheni. Hakuwahi kuleta madai hata ya kioo. Kisha akaiuza ile pikapu, akauza ng'ombe wawili na kipande cha shamba, akanunua nyingine ya mwaka wa karibuni, nyeupe, inang'aa. Mwaka huo bei ya korosho ilikuwa ya kulia.

Alikuja ofisini, nikamtajia ada. Alivua kofia.

"Mama Upendo, we unanionea. Miaka kumi na moja sijagonga hata kuku. Leo nimenunua gari zima, lenye breki za kueleweka, ndo unaniongezea? Si ungenipunguzia?"

Lilikuwa swali la haki, na jibu lake lingenichukua dakika kumi. Ningemwambia kwamba kutogonga kwake kumempa punguzo, nalo nimelihesabu tayari, lakini gari lenyewe sasa ni mali kubwa zaidi. Ningemwambia achague, alipe ada kamili au achukue bima ndogo na ajue wazi kwamba gari lake halimo. Lakini foleni ilikuwa imefika nje, na ng'ambo ya barabara wakala mpya alikuwa amefungua kibanda chenye spika inayopiga kelele. Niliona kama nampoteza.

"Usijali, kaka Kasto," nikamwambia. "Nitakufanyia wepesi. Wewe tia saini hapa, mengine nitajaza mwenyewe."

Akatia saini karatasi tupu. Hata nje sikutoka kuliona gari. Alipoondoka nikaandika nusu ya thamani yake, ada ikashuka, na jioni akanitumia mapapai mawili kwa bodaboda kunishukuru.

Ajali ilitokea mwaka uleule, mchana kweupe, kwenye barabara ya Nambilanje. Kundi la ng'ombe wa wafugaji waliohamia huku kutoka kanda ya ziwa lilikatiza barabara, Kasto akakwepa, akalivaa kalavati. Wafugaji wenyewe ndio waliomtoa, wakamfunga mkono kwa shuka lao. Yeye alipona. Gari lilipoteza sura yote ya mbele, rejeta ikaingia kwenye injini. Fundi alisema linatengenezeka, lakini kwa gharama nzito.

Mthamini wa hasara alikuja kutoka ofisi ya kanda. Huyo ndiye mtu anayetumwa na kampuni kupima gari limeumia kiasi gani na alipwe nini mwenyewe. Alikuwa kijana mwenye adabu, anayeandika kwenye simu. Tulikaa watatu ofisini kwangu, yeye, Kasto mkono ukiwa kwenye kitambaa, na mimi.

"Gari hili lina thamani mara mbili ya iliyoandikwa hapa," alisema mthamini. "Nani alitaja thamani hii?"

Nilianza kupanga karatasi zilizokwisha kupangwa mezani.

"Nauliza kwa sababu moja, mama," akaendelea. "Ikiwa ni kosa la ofisi, ofisi italibeba na mzee atalipwa gharama yote ya matengenezo. Ikiwa mteja ndiye aliyetaja, atalipwa nusu. Hakuna ubaya, sema tu."

Alinifungulia mlango wazi kabisa. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano kustaafu. Nikaona mafaili ya misimu yote mibovu yakitolewa kabatini, nikaona nikiitwa kanda kuhojiwa, kiinua mgongo kikizuiwa.

"Mwenye gari ndiye hutaja thamani," nilisema. "Sisi huandika tu."

Mthamini akamgeukia Kasto. "Mzee, saini hii ni yako?"

"Ni yangu."

"Na thamani ulitaja wewe?"

Kasto alinitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie maneno. Mimi nikaangalia kalenda ukutani.

"Kama Mama Upendo kasema hivyo," akajibu, "basi ndo hivyo."

Alilipwa nusu. Nusu ya pili hakuwa nayo, na shamba alikwisha kuliuza. Gari lilikaa kwa fundi. Nilipita pale mara kadhaa nikiwa ndani ya magari ya watu, nikageuza uso upande wa pili.

Miezi mitano ikaisha. Kwenye sherehe yangu ya kustaafu, Mkaguzi wa Kanda alitoa hotuba, akasema mimi ni mfano wa uadilifu katika kazi ya bima Kusini. Watu walipiga makofi. Nilipewa saa ya ukutani na kanga doti mbili, nikashukuru kwa sauti inayotetemeka, nao wakadhani ni furaha.

Mzigo ule nilikaa nao masika mawili. Siku moja nikapiga moyo konde, nikachukua bodaboda mpaka Mbekenyera. Nilimkuta Kasto uani akipepeta ufuta. Alinitolea kigoda, akamwita mkewe aniletee maji. Sikuyanywa.

"Kaka Kasto, thamani ile niliiandika mimi. Hukuitaja wewe. Nilisema uongo."

Aliendelea kupepeta kidogo, kisha akaweka ungo chini.

"Najua, mama. Mi si nilisaini karatasi tupu?"

"Mbona hukusema, basi?"

"Ningesema mbele ya yule mgeni, wangekufukuza. Nikasema moyoni, Mama Upendo anangoja huyu aondoke, halafu ataenda kwa wakubwa zake kuwaambia polepole." Alifuta mikono kwenye suruali. "Nikamwambia fundi asifungue kitu, maana hela nyingine inakuja. Nikakungoja. Mvua zikaanza, chesesi ikala kutu, na fundi anataka nafasi yake. Ndo nikamwambia auze vipandevipande."

Nililia, na mkewe, ambaye hakujua kisa, akanipa pole akidhani nimefiwa. Nilimwomba Kasto apokee sehemu ya kiinua mgongo changu. Alikataa, akasema hicho ni cha uzee wangu. Niliandika barua kwa kampuni, nikakiri kila kitu kwa jina langu. Walijibu kwa heshima kwamba madai yale yalikwisha kufungwa, mteja alikubali malipo kwa saini, na wananitakia mapumziko mema.

Vijana mnaoingia kazi hii siku hizi mna mambo mepesi. Stika ya bima inahakikiwa kwa simu, thamani mnaipata mtandaoni. Mtu akija na gari jipya akawalalamikia kwamba ada imepanda, mpeni zile dakika kumi. Akikasirika, akasirike. Akienda kwa wakala wa ng'ambo, mwacheni aende. Mimi niliogopa hasira ya dakika kumi, nikaja kuogopa tena kuandika barua moja ya kukiri mapema, na kati ya woga huo na ule mtu akapoteza gari alilouzia shamba.

Siku za gulio Kasto huja Ruangwa kwa bodaboda, kiroba cha ufuta kikiwa katikati yake na dereva. Akiniona hunisalimia yeye kwanza, kwa sauti, mbele ya watu, na kuulizia wajukuu kwa majina yao. Nami, niliyeishi kwa kuongea na wateja, huinamisha kichwa nikajifanya nachagua nyanya.